Talaka ya karatasi na viza ya Uingereza: kisa cha wanandoa wa Tanga

Kabla sijaanza

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya wenyewe, wote wawili wamekisoma na kuna sehemu waliniomba nitoe nikatoa. Majina hayapo, mitaa nimebadilisha, na vile vitu vidogo ambavyo vingefanya watu wa Ngamiani waanze kuulizana "huyu si yule wa kwa Bi fulani?" nimeviondoa pia. Mke namwita Z, mume namwita H.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Tanga. Kazi zangu za kila siku ni mirathi, matunzo ya watoto, ugomvi wa viwanja na talaka, viza siyo fani yangu kabisa. Kwenye kisa hiki niliingia katikati, baada ya mambo kuharibika, na sababu ya kuitwa mimi na siyo mtu wa viza ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Watu walidhani tatizo liko Uingereza kumbe lilikuwa Tanga, ndani ya kabati la mama yake Z, kwenye bahasha.

Walikotoka

Z ni fundi cherehani. Aliolewa mara ya kwanza akiwa na miaka 22, ndoa ya msikitini, wakapata mtoto mmoja wa kike. Ndoa ikafika 2017 ikaisha. Mume yule akaandika talaka kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wawili wakatia saini, shehe akaisoma, Z akakaa eda kwa mama yake mpaka ikaisha, na maisha yakaendelea. Mume wa kwanza baadaye akahamia Mombasa kwenye biashara. Hakukuwa na vita kati yao, hela ya mtoto alikuwa anatuma, siyo kila mwezi lakini anatuma.

H ni mtu wa Tanga pia, kasoma hapa hapa, akaondoka kwenda Uingereza miaka mingi iliyopita na sasa ana ukaazi wa kudumu kule. Uraia wa kule hakuchukua kwa makusudi, kwa sababu Tanzania hairuhusu uraia pacha na yeye hataki kuja kwao kama mgeni. Lakini ukaazi wa kudumu nao una masharti yake, ukikaa nje ya Uingereza zaidi ya miaka miwili mfululizo unaupoteza, kwa hiyo lile wazo la "si arudi tu nyumbani waishi huku" ambalo kila shangazi alilitoa halikuwa jepesi kama linavyosemwa kwenye mkeka.

Walikutana kwenye arusi ya ndugu, wakaongea mwaka mzima kwa simu, mwisho wa 2022 H akaja na wazee wake wakaenda kuposa. Nikaha ikafungwa. Shehe aliuliza kama bibi arusi ameshawahi kuolewa, akaoneshwa ile karatasi ya 2017, akaridhika, akajaza cheti cha ndoa na pale kwenye hali ya mke akaandika mtalaka. Hapo hakuna aliyefanya jambo baya. Kwa dini kila kitu kilikuwa sawa.

Haraka ya Machi 2024

Mpango wao wa mwanzo ulikuwa waombe viza taratibu, H aongeze akiba, Z ajifunze Kiingereza kidogo kidogo. Halafu tarehe 4 Desemba 2023 waziri wao wa mambo ya ndani wa wakati ule, James Cleverly, akatangaza kwamba kipato cha chini cha mtu anayetaka kumleta mwenzi wake kitapanda kutoka paundi 18,600 kwa mwaka, ambacho kilikuwepo tangu 2012, hadi 38,700. Baadaye wakalegeza, wakasema kitapanda kwa hatua na hatua ya kwanza ni 29,000 kuanzia tarehe 11 Aprili 2024. H wakati huo alikuwa anapata kama 24,000. Chini ya sheria ya zamani anapita vizuri, chini ya mpya hapiti.

Sasa hapo ndipo akili za watu zilipohamia zote kwenye tarehe moja. Kila kitu kikawa kabla ya Aprili 11. Z akafanya mtihani wa Kiingereza wa kusema na kusikiliza, ngazi ya A1, yaani ile ya mwanzo kabisa, akafaulu. Akapima TB, maana Tanzania ipo kwenye orodha ya nchi ambazo mwombaji wa zaidi ya miezi sita lazima apime kwenye kliniki waliyoikubali wao. H akakusanya salari slipu za miezi sita na stetimenti za benki za miezi hiyo hiyo, kila mshahara unaonekana umeingia, na barua ya mwajiri. Picha za arusi, tiketi za ndege za H kuja na kurudi, wasapu zimeprintiwa kurasa na kurasa, risiti za hela alizomtumia. Faili lilikuwa zuri kwa kweli, nimeliona, mtu aliyelipanga alikuwa na mkono.

Aliyelipanga ni jamaa mmoja wa Dar anayesaidia watu kujaza fomu onlaini, siyo wakili. Kwenye fomu kuna swali kama mwombaji amewahi kuolewa kabla na ndoa hiyo iliishaje na lini. Yule jamaa akamshauri Z ajaze hajawahi kuolewa, "itarahisisha dada yangu, hawana pa kuangalia". Z akakataa. Aliniambia baadaye, "mwanangu yule cheti chake cha kuzaliwa kina jina la baba yake, nitasema nimemuokota?" Akajaza ukweli na karatasi ya talaka ikatafsiriwa, ikawekwa kwenye faili.

Wakalipa paundi 1,846 ya ombi, na ada ya afya, yaani ya kutumia huduma ya afya ya serikali yao, paundi 1,035 kwa kila mwaka, kwa viza ya miezi 33 inahesabiwa miaka mitatu yaani 3,105. Kwa hela yetu wakati huo ya kwanza ilikuwa kama milioni sita na ya pili kama milioni kumi. Z akapanda basi alfajiri stendi ya Kange akaenda Dar kutoa alama za vidole, akarudi usiku, na kazi ikabaki kusubiri.

Jibu lililokuja

Julai 2024 jibu likaja, wamekataliwa. Hapo ndipo H aliponipigia simu, namba yangu alipewa na mjomba wake ambaye nilimsaidia kesi ya mirathi. Akanisomea barua kwenye simu kwa sauti ya mtu ambaye hajalala. Nikamwomba anitumie niisome mwenyewe.

Kipato kilikubaliwa. Kiingereza kilikubaliwa. Hata kwamba wanapendana na wanaishi kama mke na mume kwa umbali hawakulipinga. Walichokataa ni ndoa yenyewe. Sheria yao inataka ndoa iwe halali kwa sheria ya nchi ilikofungwa, na kama kuna ndoa ya nyuma iwe imevunjwa kwa njia ambayo nchi husika inaitambua. Wakasema karatasi waliyoiona ni tamko la mume, siyo amri ya mahakama, na hakuna kinachoonesha kwamba kwa sheria ya Tanzania ndoa ya kwanza imeisha. Kwa hiyo ya pili haijasimama.

H alikuwa na hasira, akasema "hawa hawaelewi Uislamu". Nikamwambia kaka yangu pole sana, lakini kwa hili wameisoma sheria yetu vizuri kuliko sisi.

Maana hali ndiyo hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 12, imetaja njia ambazo ndoa inafika mwisho: kifo, amri ya mahakama ya kudhania mtu amekufa, kubatilishwa, talaka ya mahakama, na talaka ya nje ya mahakama iliyotolewa nje ya Tanzania ikatambuliwa. Talaka ya karatasi iliyoandikwa hapa hapa Tanga haimo. Kifungu cha 15 kinasema mwanamke aliye kwenye ndoa hawezi kufunga nyingine wakati ile ya kwanza bado ipo. Ukiunganisha viwili hivyo, Z kwa Mungu alikuwa mke wa H na kwa serikali alikuwa bado mke wa mtu aliyeko Mombasa. Wanawake wa pwani wa aina hii wako wengi mno na wengi hawatajua kamwe, kwa sababu hakuna atakayewauliza. Wanajua siku ya mirathi, au siku ya viza.

Njia zilizokuwa mezani

Tulikaa wiki mbili kwenye hili na H akamlipa wakili wa uhamiaji wa kule kwa ushauri wa saa moja, hela ambayo naona ndiyo iliyotumika vizuri kuliko zote.

Rufaa ilikuwepo, aliye nje ya Uingereza ana siku 28. Wakaiacha. Wakili alisema mahakama inaweza kuwaonea huruma lakini karatasi itabaki vile vile, na kesi inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kuitengeneza talaka yenyewe. Nilikubaliana naye.

Njia ya pili ilikuwa kuomba kama wapenzi wasiooana. Tangu mwanzo wa 2024 masharti ya njia hiyo yalibadilika, siyo lazima muwe mmeishi pamoja miaka miwili, inatosha uhusiano unaofanana na ndoa wa miaka miwili. Kwenye karatasi ilionekana inawezekana. Lakini hawa wamekaa nyumba moja wiki chache chache za likizo tu, na Z mwenyewe alisema hatasimama mbele ya serikali yoyote kuandika kwamba H siyo mumewe. Hilo sikulijadili naye, lilikuwa la kwake.

Njia ya tatu ilikuwa viza ya mchumba, yaani avunje ndoa ya kwanza mahakamani halafu aende akafunge ndoa kule. Viza hiyo ni ya miezi sita na humo ndani haruhusiwi kufanya kazi, halafu baada ya ndoa mnaomba tena na kulipa tena. Z alishaanza kuhesabu atakachotuma kwa mwanae tangu mwezi wa kwanza, kwa hiyo ikafa hapo hapo. Viza ya mwenzi aliyeolewa inamruhusu kufanya kazi yoyote tangu siku anayotua.

Basi ikabaki kuirudia njia yenyewe tangu mwanzo. Talaka ya mahakama, ndoa mpya, ombi jipya. Na ombi jipya maana yake ni kipato cha 29,000, ule ukuta waliokuwa wanaukimbia tangu Desemba.

Baraza, mahakama, na karatasi ya pili

Sehemu hii ndiyo kazi yangu kwa hiyo naiandika kwa urefu.

Huwezi kwenda moja kwa moja mahakamani kudai talaka. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa na baraza litoe cheti kwamba limejaribu limeshindwa. Na kwa ndoa ya Kiislamu kuna kifungu cha 107(3) ambacho watu wengi hawakisomi mpaka mwisho. Kinasema mahakama itatoa talaka kama ndoa ilifungwa Kiislamu, baraza limethibitisha kushindwa, na BAADA ya cheti hicho mmoja wao amefanya lile tendo ambalo kwa Uislamu linavunja ndoa. Nimeandika baada kwa herufi kubwa kwa sababu hapo ndipo kisa kilipokaza. Talaka ya 2017 ilitangulia baraza. Ilitakiwa mume wa kwanza atamke tena.

Sasa mpigie mtu simu Mombasa umwambie njoo Tanga umpe talaka mwanamke uliyempa talaka miaka saba iliyopita. Alidhani ni mtego. Alidhani Z anataka mgao wa mali, na hofu yake haikuwa ya kijinga kwa sababu mahakama inapovunja ndoa ina mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa pamoja. Mara mbili baraza lilimwita hakuja. Wito wa tatu nao ukamkuta kimya.

Aliyefungua mlango ni mama yake yule mwanaume. Z alikwenda kwake mwenyewe, na kilo mbili za mchele na kanga, siyo kwa hila, huwa anakwenda kila Idd kwa sababu yule ni bibi ya mwanawe. Akampigia magoti, "Shikamoo mama. Mimi sidai kijiko wala kikombe. Nataka nitoke ndani ya jina la mwanao, niende kwa mume wangu." Yule mama akampigia mwanawe hapo hapo na maneno aliyomwambia siwezi kuyaandika yote lakini mwisho alisema "ulimwacha mwanamwari wa watu nusu nusu, njoo ummalizie." Ijumaa iliyofuata akavuka mpaka wa Horohoro akaja.

Barazani ilikuwa ngumu kwa namna nyingine. Wazee wa baraza kazi yao ni kusuluhisha, lazima wajaribu. Wakamuuliza Z mbele ya yule bwana kama kuna uwezekano warudiane. Z alitaka kucheka na akalia badala yake. Nilimwandaa kabla kwamba swali hilo litakuja na asione amedhalilishwa, na nilimwambia aseme ukweli wote hata ile nikaha ya 2022, asifiche. Akasema. Mzee mmoja akatikisa kichwa, akasema "hii tunaiona sana", wakaandika cheti.

Baada ya cheti, mume wa kwanza akaketi kwenye benchi la nje akaandika talaka ya pili, maneno yale yale karibu, tarehe mpya. Z alikuwa na wasiwasi kama inamletea eda nyingine au inamharamishia H. Akaenda kumuuliza shehe, akamjibu kwamba kwa dini hiyo ndoa ilishakwisha zamani na karatasi ya leo haina cha kuvunja, ni ya serikali tu. Alitulia siku ile, nilimwona.

Shauri likafunguliwa Mahakama ya Mwanzo Desemba, likasikilizwa mara mbili, na mwishoni mwa Februari 2025 talaka ikatoka. Gharama za pale mahakamani ni ndogo kabisa, nauli zilizidi. Nikamshauri wasubiri siku 45 za rufaa ziishe kabla ya kufunga ndoa, H hakupenda, lakini nilikuwa nimeshaona haraka ilichofanya mwaka uliopita.

Upande wa H

Wakati huo wote H alikuwa anapambana na 29,000. Ofisi aliyokuwepo hawakumwongeza. Oktoba 2024 akahamia kwenye ghala lingine, zamu za usiku, 29,700 kwa mwaka. Kwa aliyeajiriwa, ukitaka njia nyepesi ya ushahidi unatakiwa uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo huyo si chini ya miezi sita kwa kiwango hicho. Kwa hiyo kuhamia kazi mpya kulimrudisha sifuri kwenye kuhesabu miezi, ila kwa bahati miezi ya mahakama na miezi ya salari slipu ikaenda sambamba. Mshahara ambao Z angeupata kule hauhesabiki anapoomba akiwa nje. Na njia ya akiba bila mshahara ilitaka paundi 88,500 zimekaa miezi sita, hiyo hata hatukuiongelea.

Ndoa ya bomani na ombi la pili

Mei 2025 H akaja likizo ya wiki tatu. Tangazo la nia ya kuoana linatakiwa siku 21 kabla, likawa limeshawekwa mapema ili likizo isiishie kwenye kusubiri. Wakafunga ndoa ya bomani, mke mmoja, mashahidi wawili, dakika ishirini imekwisha. Mama yake Z hakuja. Alisema binti yake ameshaolewa mwaka 2022, pilau lililiwa, yeye haendi kuangalia anaolewa tena na mwanaume yule yule. Nilimwelewa.

Ombi la pili likaenda Juni. Cheti cha Kiingereza kilikuwa bado hai, kinaishi miaka miwili. Cha TB kinaishi miezi sita tu kwa hiyo akapima upya. Stetimenti za benki zikatolewa ndani ya siku 28 kabla ya kutuma kama wanavyotaka. Hukumu na talaka za Mahakama ya Mwanzo zote ziko kwa Kiswahili, zikatafsiriwa na mtafsiri aliyeweka jina, saini, tarehe na mawasiliano yake. Ada ilikuwa imepanda tangu Aprili, ikawa 1,938. Ile ada ya afya ya mara ya kwanza ilirudishwa walipokataliwa, ila ya ombi hairudi.

Juu ya faili tukaweka barua ya kurasa mbili, H ameiandika mimi nimesahihisha, inaeleza kila kitu kwa tarehe: ndoa ya kwanza, talaka ya karatasi, nikaha, kukataliwa, baraza, talaka ya pili, mahakama, bomani. Hatukuificha ile nikaha. Tulisema kwa dini wanaihesabu na kwa sheria wanategemea ile ya Mei.

Matokeo

Septemba 2025 viza ikatoka, miezi 33. Z akaondoka Oktoba. Ndani ya mwezi alikuwa ameanza kazi ya usafi hotelini, na jioni anashona kwa akina mama wa Kisomali wa jirani. Kabla haijaisha ataomba nyongeza, hapo atatakiwa Kiingereza cha A2, ngazi moja juu ya ile ya kwanza, na safari hiyo mshahara wake utahesabiwa pamoja na wa H.

Ninavyokisoma kisa hiki

Kilichowaokoa, kwa maoni yangu, ni Z kukataa kuandika uongo kwenye fomu ya kwanza. Udanganyifu kwenye ombi la Uingereza unaweza kukufungia miaka kumi. Kukataliwa kwa karatasi pungufu unarekebisha karatasi, kukataliwa kwa uongo hakuna baraza la Tanga litakalokusaidia. Yule jamaa wa Dar alipanga faili zuri na ushauri wake mmoja ungewamaliza, na watu wa namna yake wanaaminiwa kuliko mawakili kwa sababu bei yao ni ndogo na wanaongea kwa uhakika.

Kuacha rufaa nako kulikuwa sahihi. Watu wengi wakikataliwa wanataka kushinda, H pia alitaka kushinda, na ilimchukua siku kadhaa kukubali kwamba hapakuwa na wa kumshinda.

Kilichokwama kinaanzia mbali. Mwaka 2017 hakuna mtu, si shehe, si wazee, si mimi ambaye nilikuwa tayari nafanya kazi hii mji huu huu, aliyekuwa anawaambia wanawake wakishamaliza eda waende barazani. Siku hizo mume yuko hapa hapa, talaka ni mbichi, ingekwisha kwa miezi michache na nauli ya bajaji. 2022 palikuwa na nafasi ya pili, pale shehe alipouliza karatasi. Sasa hivi wale mashehe ninaowafahamu nawaomba wakiona mtalaka waulize na talaka ya mahakama, wengine wamekubali, mmoja aliniambia nisilete ubomani kwenye dini ya watu. Bado naongea naye.

Halafu ile haraka. Siwezi kuwalaumu kwa kukimbilia Aprili 11, mtu yeyote mwenye mshahara wa 24,000 angekimbia. Lakini akili zao zote zilikaa kwenye kipato kwa sababu kipato ndicho kila mtu alikuwa anakiongelea, na hakuna aliyekaa kusoma masharti ya ndoa kwa sababu ndoa walikuwa nayo. Saa moja ya wakili ingekuja Januari 2024 badala ya Julai, wangejua. Pengine wasingewahi tarehe hata hivyo, ila wangebakiwa na milioni sita zao na Z asingepitia ile Julai.

Kuna uamuzi mmoja ambao mpaka leo sijui kama tulifanya sawa. Mtoto. Z alitaka waombe pamoja na binti yake. Sheria yao inataka mzazi aliyeko kule awe ndiye mwenye jukumu la malezi peke yake, na baba yuko hai, anatuma hela, Idd anakuja kumwona. Ule wema wake mdogo ndio unaoharibu ombi. Wakili alishauri mama atangulie, mtoto afuate wakiwa na ushahidi wa kutosha, na mimi niliunga mkono kwa sababu niliogopa ombi la mtoto lisije likauchafua mlango wa mama. Kwa mtoto ilikuwa 1,938 nyingine mwaka huo wa 2025, na ada ya afya 776 kwa mwaka.

Binti yuko kwa bibi yake, na yule bibi wa upande wa baba anampitia kila wiki. Baba ameshaandika kwamba hana pingamizi, lakini kutokuwa na pingamizi siyo sawa na mama kuwa mlezi peke yake, kwa hiyo wanakusanya. Maamuzi ya shule anayafanya Z kwa simu, mwalimu anaandika barua kuthibitisha, hospitali ni Z anayelipa. Bibi ana bahasha ya kaki kabatini, pale pale ilipokuwa imelala ile karatasi ya 2017, na kila risiti ikifika anaigeuza nyuma anaandika kwa peni tarehe na maneno mawili, "kalipa mamake".